Fadhila za Paul, Kimya cha Quinn: Uhakiki wa Riwaya ya All American Boys

Katika riwaya nyingi za vijana zinazohusu kusema ukweli, mwandishi humrahisishia kazi mhusika wake kwa kumfanya mkosaji kuwa mtu asiyependwa na yeyote, hivi kwamba siku ukweli unapotoka, msemaji hapotezi chochote isipokuwa hofu yake. All American Boys, iliyoandikwa na Jason Reynolds na Brendan Kiely na kuchapishwa Marekani mwaka 2015, haikufuata njia hiyo. Anayepaswa kutajwa humu ni mtu aliyeshika nafasi ya baba katika maisha ya shahidi, akamfundisha mchezo anaoutegemea kwa maisha yake ya baadaye, na ambaye hadi siku ya tukio hakuwahi kumtendea kijana huyo lolote ila wema. Kwa sababu hiyo naiweka miongoni mwa riwaya za vijana zilizoshughulikia hatia na uaminifu kwa unyofu mkubwa, ingawa ina kasoro zake, na baadhi yazo si ndogo.

Kisa kinaanza Ijumaa jioni katika mji uitwao Springfield, jina linalobebwa na miji mingi ya Marekani. Rashad Butler, kijana mweusi wa miaka 16, anaingia katika duka la mtaani kununua pakiti ya krispi kabla ya kwenda kwenye sherehe ya wenzake. Anapochutama kutafuta simu ndani ya begi lake, mwanamke aliye nyuma yake anajikwaa kwake na kuanguka. Askari aliyekuwa dukani haulizi swali la maana. Anaamua papo hapo kwamba kijana huyo ni mwizi aliyemshambulia mteja, anamburuta hadi nje na kumpiga kwenye sakafu ya njia ya waenda kwa miguu, hata baada ya kumfunga pingu. Rashad anaamkia hospitalini akiwa amevunjika pua na mbavu, damu ikiwa imevujia ndani ya mwili, na juu ya yote hayo anakabiliwa na tuhuma za wizi wa dukani na kukaidi kukamatwa.

Quinn Collins, kijana mweupe anayesoma shule moja na Rashad, yuko nje ya duka hilo na anaona kipigo. Anamtambua pia anayepiga: ni Paul Galluzzo, kaka mkubwa wa Guzzo, rafiki yake wa tangu utotoni. Quinn hapigi kelele wala hasogei kusaidia. Anaondoka na wenzake kwenda kwenye sherehe ile ile aliyokuwa akiielekea Rashad. Tangu hapo, kwa muda wa wiki moja, riwaya inapokezana baina ya vijana hao wawili, mmoja kitandani hospitalini na mwingine shuleni, uwanjani na nyumbani, kila mmoja akisimulia kwa nafsi ya kwanza. Sehemu za Rashad ziliandikwa na Reynolds, ambaye ni mweusi, na za Quinn ziliandikwa na Kiely, ambaye ni mweupe. Waandishi hao walikutana mwaka 2013 walipokuwa katika ziara ya kutangaza vitabu, wakati ule ule George Zimmerman alipoachiwa huru katika kesi ya kumuua Trayvon Martin, kijana mweusi asiyekuwa na silaha, na mazungumzo yao ya wakati huo, pamoja na kuuawa kwa Michael Brown, kijana mweusi aliyepigwa risasi na askari polisi mjini Ferguson mwezi Agosti 2014, ndiyo yaliyozaa kitabu hiki. Nayataja hayo kwa kuwa uamuzi wa kugawana kalamu una athari ya moja kwa moja katika usomaji: sauti hizi mbili hazifanani kweli kweli, na hazikujaribu kufananishwa.

Nianze na Quinn, kwa sababu mzigo wa mada uko mabegani mwake. Baba yake alikuwa askari aliyeuawa Afghanistan, na mji mzima umemgeuza marehemu kuwa kielelezo cha utumishi na ushujaa. Quinn amekua chini ya picha hiyo. Kila anapopita anapongezwa kwa kuwa mtoto wa fulani, na kila anapofanya jambo anapimwa kwa marehemu asiyeweza tena kukosea. Mama yake anafanya kazi usiku, naye anamwangalia mdogo wake, Willy. Katika pengo lililoachwa na baba aliingia Paul, akamshika mkono, akacheza naye mpira wa kikapu, akamfanya ajione ana mtu. Kiely hakuyataja mambo haya kwa haraka ili aendelee na kisa. Aliyajenga kwa kisengere nyuma baada ya kisengere nyuma, hadi msomaji mwenyewe anaanza kumpenda Paul wa zamani na kuchukizwa na kazi anayodaiwa Quinn.

Hapo ndipo kitabu kinapopata uzito wake. Waswahili husema fadhila za punda ni mateke, na hofu kubwa ya Quinn, hata kuliko kupigwa au kutengwa, ni kuwa punda huyo. Hakosi kujua kwamba alichokiona kilikuwa kibaya. Anajua tangu dakika ya kwanza. Kinachomfunga ni deni. Paul alimpa muda, ulinzi na upendo, na malipo yake yawe kumkabidhi kwa wachunguzi? Kumbukumbu moja inalichafua deni hilo kwa namna iliyonivutia sana. Zamani Paul aliwahi kumpiga kijana mwingine kwa ajili ya Quinn, naye Quinn wakati ule alifurahi na kujiona salama. Sasa anapokumbuka, anatambua kwamba mkono uliomlinda na mkono uliompiga Rashad ni mkono mmoja, na kwamba alikwisha kuushangilia. Hatia ya Quinn, kwa hiyo, haikuanza Ijumaa ile. Sikumbuki riwaya nyingi za vijana zilizothubutu kumrudisha mhusika wake nyuma kiasi hicho na kumwonyesha kwamba alinufaika na ukatili kabla hajaushuhudia ukimshukia mtu mwingine.

Waandishi wameweka shinikizo la kunyamaza mahali linapopatikana kwa kawaida, yaani kwa watu wema. Baada ya tukio, familia ya Galluzzo inaandaa nyama choma nyumbani kwao, na Quinn anakwenda kwa kuwa kutokwenda kungekuwa kama kutoa tamko. Hakuna anayemtisha pale. Watu wanakula, wanacheka, wanamsifu Paul kwa kazi ngumu anayoifanya, na mazungumzo yanatiririka kana kwamba kila aliyepo amekwisha kukubali upande wake. Nimeisoma sehemu hiyo nikiona jinsi sahani ya chakula inavyoweza kuwa kiapo. Shuleni nako, kocha anawataka wachezaji waache mambo ya nje mlangoni kwa ajili ya msimu, hasa kwa vile wapo watakaokuja kuwatazama wachezaji wanaofaa kupewa nafasi vyuoni. Agizo hilo linasikika la busara mpaka msomaji anapokumbuka kwamba katika timu hiyo hiyo yumo English, mchezaji hodari ambaye ni rafiki wa karibu wa Rashad. Kwa Quinn, kuliacha jambo mlangoni ni nafuu. Kwa English, ni kumwacha rafiki yake hospitalini. Riwaya haikuhitaji kulieleza hilo kwa maneno mengi, na sehemu za uwanjani ndizo ambamo Kiely anaandika kwa ustadi wake wote, kwa sababu miili ya wachezaji inasema kile ambacho midomo imekatazwa.

Jill, msichana ambaye Quinn anampenda na ambaye ni binamu wa akina Galluzzo, anaamua mapema zaidi yake. Nilitamani apewe nafasi kubwa kuliko aliyopewa. Yeye ana undugu wa damu na Paul, kwa hiyo kwa hesabu ya kawaida gharama yake ni kubwa kuliko ya Quinn, lakini anaonekana hasa kwa kadiri anavyomsukuma Quinn kufikiri, na mapambano yake mwenyewe nyumbani tunayapata kwa vijisehemu tu.

Mtu anaweza kuuliza ushahidi wa Quinn una umuhimu gani, ilhali kuna video ya tukio inayoonyeshwa kwenye habari mchana na usiku. Nilijiuliza hivyo pia, na naona jibu liko katika muundo wa kitabu. Video inaonyesha kipigo, na kila anayeitazama anaijazia yaliyotangulia kwa kadiri ya imani yake: wapo wanaosema lazima kijana alifanya jambo, wapo wanaosema askari anajua asichokijua raia. Quinn ni mtu wa ndani. Akisema, hawezi kuambiwa kwamba anawachukia polisi au kwamba hamjui Paul. Uaminifu wake kwa familia ile ndio unaoyapa maneno yake thamani, na ndio huo huo unaomziba mdomo. Fundo hilo ndilo linaloifanya taharuki ya kitabu isipungue, ingawa msomaji anajua tangu mwanzo nani alifanya nini.

Hata hivyo, sura iliyonigusa kuliko zote haimo upande wa Quinn. Baba yake Rashad, David Butler, aliwahi kuwa mwanajeshi kisha askari polisi, na mwanzoni anapofika hospitalini anamhoji mwanawe kana kwamba ndiye mshtakiwa: alikuwa amevaaje, alijibu nini, alifanya nini hadi afikishwe hapo. Msomaji anamkasirikia. Baadaye baba huyo anakaa na mwanawe na kumsimulia kwa nini aliacha upolisi. Akiwa kazini alimpiga risasi kijana mweusi akidhani anachukua silaha, kumbe kijana huyo alikuwa na pumu na alikuwa akitafuta kifaa chake cha kuvutia dawa. Kijana hakufa, lakini alipooza. Baba amelibeba jambo hilo miaka yote, na ukali wake kuhusu suruali, nywele na sare za mafunzo ya kijeshi ambayo Rashad anayapata shuleni, ambao Rashad aliuchukulia kuwa ukoloni wa mzazi, unapata maana mpya ya kutisha: alikuwa akijaribu kumkinga mwanawe dhidi ya mtu kama yeye.

Ungamo hilo limeandikwa bila machozi mengi na bila msamaha wa haraka. Rashad hamkumbatii baba yake na kumwambia yameisha. Anabaki na habari hiyo, nasi tunabaki nayo, na hapo riwaya inakwepa mtego ambao ingeweza kuuingia kirahisi, wa kuwagawa watu kuwa wapigaji na wapigwaji. Mtu anayempenda Rashad kuliko wote alikwisha kufanya jambo linalofanana na lile lililomlaza Rashad hospitalini. Reynolds anamwachia msomaji kazi ya kuwaweka David Butler na Paul Galluzzo kwenye mizani moja na kuona tofauti iko wapi, kama ipo. Kwa maoni yangu ipo, nayo ni hii: mmoja amesema alichofanya, tena kwa mtu ambaye hukumu yake ndiyo anayoiogopa zaidi, na mwingine bado anatafuta watu wa kumwambia kwamba hakufanya kosa.

Kuna ungamo jingine, dogo zaidi, la Bi Fitzgerald, mwanamke mzee anayehudumu katika duka la zawadi la hospitali. Rashad anateremka kununua vitu, wanazoeana, na siku moja bibi huyo anamweleza kwamba wakati wa maandamano ya kudai haki za raia weusi kaka yake alikwenda kuandamana Selma, katika jimbo la Alabama, lakini yeye alibaki nyumbani kwa sababu aliogopa, kisha akaishi akijidanganya kuhusu sababu hiyo. Katika kurasa chache anatoa kivuli cha Quinn akiwa na umri wa miongo mingi: mtu ambaye hakumdhuru yeyote na bado ana la kukiri. Sina uhakika kwamba mhakiki mwingine angempa nafasi, lakini kwangu mimi yeye ndiye anayeziunganisha nusu mbili za kitabu bila kujua.

Rashad mwenyewe ni furaha kumsoma. Anachekesha hata akiwa na maumivu, anawatania marafiki zake, anaona haya kuonekana akiwa amevimba uso, na anachoshwa na wageni wanaomletea sala na huruma. Kaka yake, Spoony, anataka dunia nzima ijue, naye Rashad anataka jambo lipite ili arudi kwenye maisha yake. Jambo hili halizungumzwi vya kutosha katika vitabu vya aina hii: anayedhulumiwa naye hudaiwa ukweli, tena hudaiwa autoe hadharani, kwa sauti, kwa niaba ya wengine, wakati mwili wake haujapona. Rashad ni mchoraji anayemhusudu Aaron Douglas, msanii mweusi mashuhuri wa Harlem, mtaa wa New York, aliyechora watu kama vivuli, na michoro yake mwenyewe ina watu wasio na sura. Jinsi mchoro anaouanzia kitandani unavyobadilika siku hadi siku ndiyo njia ambayo Reynolds anatumia kuonyesha kijana akikubali taratibu kuwa shahidi wa maisha yake. Wakati huo, shuleni, yanatokea maandishi makubwa ya rangi ya kupuliza yanayotangaza kwamba Rashad hayupo tena leo, na sentensi hiyo ya kawaida ya kuita majina darasani inageuka kuwa wito wa maandamano.

Sasa kasoro. Paul ni tatizo la kwanza. Kwa kuwa tunamwona kwa macho ya Quinn pekee, na Quinn anamkwepa karibu kitabu kizima, askari huyo aliyejengwa vizuri katika kumbukumbu anakuwa mhusika bapa katika wakati uliopo. Anajitetea, anakasirika, anadai kuungwa mkono, basi. Guzzo amepata hasara kubwa zaidi. Ni kama mlango uliofungwa ambao Quinn anaugonga mara kwa mara, ilhali kijana anayelazimika kuchagua baina ya kaka yake na rafiki yake angeweza kubeba riwaya nzima. Kama uaminifu ndio mada, basi uaminifu wa Guzzo kwa ndugu yake ulistahili kuheshimiwa kwa kuchunguzwa.

Tatizo la pili ni hotuba. Kadiri siku zinavyosogea kuelekea maandamano, wahusika wa miaka 16 na 17 wanaanza kuzungumza kama watu waliotayarisha risala, na sehemu za Quinn ndizo zinazoathirika zaidi. Anafikia utambuzi fulani, anautamka, kurasa mbili baadaye anautamka tena kwa maneno mengine, kana kwamba mwandishi hakumwamini msomaji kuwa ameelewa. Sehemu ambayo wanafunzi wanasoma kwa sauti darasani kutoka katika maandishi ya Ralph Ellison, mwandishi mweusi wa Marekani, baada ya shule kutaka kuyakwepa, ina nguvu kwa sababu hakuna anayeifafanua. Laiti mbinu hiyo ingetumika mara nyingi zaidi.

Lipo pia suala la usafi wa Rashad. Hakuiba, hakutukana, hakupambana, anavaa sare, ni mchoraji, ana familia thabiti. Waandishi wamemwondolea kila doa ambalo mtu mwenye shaka angelishikilia, na ninaelewa kwa nini, lakini swali gumu zaidi lingekuwa kama wasomaji, na Quinn pia, wangekuwa tayari kusema ukweli kwa ajili ya kijana aliyekuwa kweli ameingiza pakiti ile ya krispi mfukoni. Spoony anaihangaikia picha ya mdogo wake itakayotumika kwenye habari na anahakikisha inayoonekana ni ile ya sare, kwa hiyo riwaya inajua kwamba usafi huo unatengenezwa kwa ajili ya watazamaji. Haikufika mbali ya hapo.

Kuhusu mwisho, anayependa kusoma bila kujua na aruke aya hii. Kitabu kinakoma kwenye maandamano, ambako sauti za vijana wawili zinapokezana kwa kasi na majina ya watu halisi waliouawa na polisi yanasomwa. Hatupelekwi mahakamani, wala hatuambiwi Paul atafanywa nini. Wapo watakaoona wamenyimwa haki yao kama wasomaji. Mimi nimeuona uamuzi huo kuwa sahihi kwa upande wa Quinn, kwa sababu swali lake lilikuwa kama atasema, wala si kama atashinda, na hukumu yoyote ya mahakama ingelifanya tendo lake lionekane limelipwa au limepotea bure. Kwa upande wa Rashad nimebaki na kiu. Yeye ana tuhuma za kujibu na baba wa kuishi naye, na jinsi nyumba ile itakavyokuwa baada ya ungamo lile ni habari ambayo ningeisoma kwa hamu kuliko maandamano.

Riwaya hii ilikuwa ya kwanza kupata Tuzo ya Walter Dean Myers, mwaka 2016, na mwaka huo huo ilipewa heshima katika tuzo za Coretta Scott King. Haikupokewa kwa shangwe kila mahali: Chama cha Maktaba cha Marekani kiliiorodhesha ya tatu miongoni mwa vitabu vilivyopingwa zaidi nchini humo mwaka 2020, sababu zikiwa lugha ya matusi, dawa za kulevya na pombe, na madai kwamba inachochea chuki dhidi ya polisi. Kuhusu matusi, yapo, na si machache; vijana hawa wanaongea kama vijana. Pombe nayo ipo, kwani Quinn mwenyewe alikuwa nje ya lile duka akitafuta mtu wa kumnunulia bia. Dai la chuki dhidi ya polisi nadhani limetolewa na watu wasiofika kwenye sura ya David Butler.

Ningeipendekeza kwa wasomaji wa kuanzia miaka 14. Msomaji aliyejifunza Kiingereza cha vitabuni atakwama kidogo mwanzoni, hasa katika sehemu za Rashad, ambazo zimejaa misimu ya mitaani na mizaha inayotegemea mwendo wa sauti. Avumilie sura mbili za kwanza, kwa kuwa sikio huzoea. Kina kurasa zaidi kidogo ya 300, sura zake ni fupi, na mgawanyo wake kwa siku za wiki unafaa sana kwa kundi la wasomaji au darasa linalotaka kusoma siku moja ya kisa kwa kikao kimoja. Wanaofanya hivyo wasiligawe kundi ili wengine wamsome Rashad pekee na wengine Quinn pekee, kama muundo unavyoweza kushawishi, kwani aliyemsoma mmoja tu atakuwa hajakisoma kitabu hiki.